Ulimi wa Kitasa

Asubuhi hiyo fundi alikuwa ameubana ulimi wa kitasa kwenye jiliwa, kile kibano cha mezani, na kuupiga tupa kingo zake, taratibu, huku akipuliza unga wa chuma kila baada ya mikwaruzo michache. Ulimi ni kile kipande kinachochomoka ubavuni mwa kitasa na kuzama kwenye fremu ya mlango ufunguo unapozungushwa. Kitasa kizima kinaweza kuwa cha bati, lakini ulimi ukiwa dhaifu, huo si mlango, ni pazia. Ulimi huu ulikuwa mnene kama kidole gumba cha mwanamume. Fundi aliukata kwenye kipande cha geti bovu, chuma laini, kwa sababu chuma kigumu hakikatiki kwa msumeno wa mkono, na mkono ndio mashine aliyokuwa nayo.

Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya marehemu baba yake. Kiliegemea ukuta wa jiko na kilikuwa na mlango wake mdogo wa kutokea uchochoroni. Yeye na mkewe walikaa vyumba viwili vya uani. Katika nyumba kubwa, yenye mlango unaotazama barabara, alikaa Mama Mdogo peke yake. Mama Mdogo hakumzaa fundi wala kaka yake. Aliolewa na baba yao mama yao alipofariki, akawakuta mmoja anang'oka meno ya utoto na mwingine bado anakojoa kitandani, akawalea wote wawili mpaka wakaota ndevu. Fundi alipokuwa anajifunza kazi, chembe ya chuma ikamruka jichoni, na ni Mama Mdogo aliyemshika kichwa akaitoa kwa ncha ya ulimi wake. Mambo haya fundi hakuyasahau. Aliyaweka tu mahali ambapo hayakumzuia kufanya kazi.

Kitasa kiliagizwa na kaka yake. Watu walimwita Mkubwa tangu alipokuwa mdogo, na jina lilizidi kumkaa kadiri tumbo lilivyokua. Alikuwa amepanga upande mwingine wa mji na mke na watoto wengi wasiojua kunong'ona. Tangu mzee azikwe alikuwa akija kila Jumapili, anasimama sebuleni kwa Mama Mdogo, mikono mfukoni, anatazama dari kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Jumapili ile alipitia pia karakana.

"Nataka kitasa cha mlango wa mbele," alisema. "Kisiliwe na msumeno, wala kisifunguke kwa waya."

"Kilichopo kina nini?"

"Kilichopo, ufunguo wake anao yeye."

Fundi aliendelea kuchambua skrubu kwenye kopo, fupi huku, ndefu kule.

"Wiki hii anakwenda kumuuguza dada yake," Mkubwa alisema. "Akirudi atakuta mambo yameshakaa sawa. Sisi si watu wabaya. Vyombo vyake tutamtolea wenyewe, hata hatapata taabu ya kubeba." Akaugonga ukuta wa bati kwa kidole, bati likalia. "Na wewe hapa hubanduki. Kibanda chako, vyumba vyako viwili, sikugusi. Nitengenezee tu kitasa."

"Mimi ni fundi tu," fundi alisema. "Mtu akiagiza, natengeneza."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli yake siku zote. Ni kauli nzuri, haina makali upande wowote. Mtu anaweza kutembea nayo mfukoni maisha yake yote na isimchome. Mkubwa alimpigapiga begani, akaondoka bila kuaga nyumba kubwa.

Sasa, ulimi wa chuma laini huliwa na msumeno kama mua. Dawa yake ni kuupika. Fundi huchukua kopo la bati akalijaza unga wa mkaa, mifupa na ngozi iliyochomwa, akazika vipande vyake humo visigusane, akaziba kwa udongo pasipite hewa. Kopo huingia motoni, nalo hutakiwa kuwa jekundu tangu asubuhi mpaka jua lianze kuinama. Humo gizani chuma kinakunywa. Kinakunywa kilichokuwa ndani ya mfupa na ngozi, lakini kinywaji hakifiki moyoni. Kinaishia juu juu, unene wa ukucha. Kikitumbukizwa majini, nje panakuwa pagumu hata tupa inateleza, na ndani panabaki laini, ndiyo maana hakivunjiki kikipigwa. Tabaka hilo la nje fundi aliliita sugu, jina lile lile la ngozi ngumu ya kiganja, maana aliona ni kitu kimoja: ugumu unaomjia mtu kwa kukaa sana na jambo.

Mkaa alikuwa nao, na mifupa alikuwa nayo. Ngozi ndiyo iliyokosekana. Mshona viatu aliyekuwa akimpa mabaki alikuwa amefunga kibanda chake na kuhama. Fundi alipekua magunia yote. Mama Mdogo, aliyekuwa ametoka kumwaga maji, akamwona.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Ngozi, Mama. Bila ngozi sugu inakuwa nyembamba."

"Ngoja."

Alirudi na viatu vya marehemu, vile vyeusi vya kazini, vimepakwa rangi vikang'aa. Mzee alikuwa bawabu wa kiwanda cha sabuni, na viatu hivyo vilisimama getini kuliko vilivyotembea. Hakuwa mtu mgumu, ila alikuwa na sharti moja: hakumfungulia mtu geti bila salamu. Meneja mmoja mgeni aliwahi kukaa juani anapiga honi, na mzee amekaa kwenye kiti chake upande wa pili, ametulia, anamsubiri akumbuke adabu. Meneja alikumbuka.

"Si uvitunze, Mama," fundi alisema.

"Nivitunze nimvishe nani? Kila mwezi navipaka rangi kama mwehu. Chukua." Akautazama ulimi kwenye jiliwa. "Kitasa cha nani hicho, kinene hivyo?"

"Cha mteja."

"Lazima ana mali huyo."

"Ana familia kubwa," fundi alisema.

Mama Mdogo hakuishia hapo. Alikuwa na kinu kikuukuu chenye ufa, kisichofaa tena chakula, akakisogeza uani. Ngozi ilipokwisha kuungua ikawa makaa, aliushika mchi akatwanga yeye, kwa kuwa mke wa fundi alikuwa sokoni na fundi alikuwa anakanda udongo. Alitwanga mpaka jasho likamtiririka puani, akasimama, akachota unga kwa vidole na kuusugua aone kama umelainika. Haukuwa umelainika vya kutosha kwa mtazamo wake, akaendelea kutwanga. Fundi alimshukuru. Aliona haya, na haya hiyo ikamfanya akande udongo kwa bidii zaidi kuliko ilivyohitajika.

Jua lilipoinama aliliopoa kopo, akavunja udongo na kukung'uta vilivyomo kwenye ndoo ya maji. Maji yaliguna. Kisha ulimi ukakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha mzee, kile cha kukata mara mbili na kumalizia kwa mguno. Fundi aliinama juu ya ndoo. Akakumbuka kwamba mzee hakuwahi kupenda maji baridi, akaingiza mkono akautoa ulimi na kuufuta kwa tambara. Ulikuwa umeshika madoa ya bluu na ya kahawia, mazuri, kama yanavyotokea ngozi ikiwa safi. Aliupitisha tupa, tupa ikateleza. Kazi ilikuwa imetoka vizuri. Akaupaka mafuta na kuufunga mahali pake.

Mama Mdogo alipokwenda kwa dada yake, Mkubwa alifika na vijana wawili wa kubeba mizigo. Kitanda, kabati, masufuria, na picha ya ndoa vilipelekwa uani vikafunikwa karatasi ya nailoni, kwa uangalifu, maana Mkubwa alisema tena kuwa wao si watu wabaya. Fundi akang'oa kitasa cha zamani na kufunga kipya. Mkubwa akaingiza ufunguo, akauzungusha. Ulimi haukutikisika. Akauzungusha tena mpaka kidole kikawa cheupe.

"Umeharibu," alisema.

"Hakina tatizo. Nimekijaribu mezani."

Mke wa fundi alikuwa anapita na ndoo, kutoka bombani. Alikuwa hajazungumza na mumewe tangu asubuhi, kwa sababu aliona kitanda cha Mama Mdogo kikipita dirishani kwake, lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, shemeji," alimwambia Mkubwa.

"Marahaba, mwanangu," kitasa kilijibu. "Watoto wa huko kwenu hawajambo?" Na ulimi ukarudi ndani, laini, kama uliotiwa mafuta muda ule.

"Hawajambo, baba," mke wa fundi alisema, maana aliulizwa, akapita na ndoo yake.

Mkubwa alijifuta jasho shingoni. "Baba na salamu zake," alisema. Alitazama barabarani kama kuna mtu anayemjua, kisha akainama mpaka mdomo ukawa karibu na tundu la ufunguo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umenenepa."

Ufunguo ulizunguka bila shida. Mkubwa aliufunga na kuufungua mlango mara kadhaa, kila mara kwa salamu, akaona kwamba ni usumbufu lakini si usumbufu wa kumshinda mtu mwenye nia. Akaufunga, akautia ufunguo mfukoni na kwenda kumwambia mkewe aanze kufunga mizigo.

Mama Mdogo alirudi na kifurushi chake mchana mmoja. Ufunguo wake haukuingia. Alitua kifurushi, akaegemeza kiganja kwenye ubao wa mlango apumue. Hakusalimu. Mke hampi mumewe shikamoo.

"Umechelewa," kitasa kilisema. "Nimekaa macho."

"Mgonjwa hakuwa na mtu," Mama Mdogo alijibu.

Mlango ukafunguka. Aliingia kwenye nyumba tupu, akasikia nyayo zake mwenyewe zikimwitikia vyumba vyote, akapita koridoni mpaka uani. Hapo aliona kitanda chake chini ya nailoni, na picha ya ndoa imeegemezwa kwenye ndoo ya majivu. Fundi alikuwa kwenye mlango wa karakana.

"Kile ndicho kitasa ulichosema cha mteja," Mama Mdogo alimwambia.

"Ndicho, Mama."

"Kwa hiyo nilitwanga mwenyewe."

Fundi alitazama ndoo yake ya maji. Hakukuwa na kitu ndani yake. Mama Mdogo alikunja nailoni vizuri, kwa kuwa nailoni nzuri haitupwi, akaanza kurudisha vitu ndani kimoja kimoja. Mke wa fundi alitoka akamshika upande wa pili wa kitanda. Waliporudi kuchukua kabati, alisimama mbele ya mumewe.

"Wewe mwenzangu," alisema, "ningependa kujua ulipikwa kwenye kopo gani."

Siku zilizofuata mtaa ulikizoea kitasa. Watoto waliokwenda shule walikisalimia wakipita, kikawaitikia wote, na yule aliyepita kimya kilimwita kwa kikohozi mpaka akarudi. Muuza maji alisema ni afadhali kuliko walinzi wengi walio hai. Mkubwa alikuja, akasalimu, akafunguliwa, akamkuta Mama Mdogo amekaa sebuleni anachambua mboga. Alitoka na kuitisha kikao cha familia.

Aliyekalia kiti cha mbele alikuwa Mjomba, kaka wa mama yao mzazi, mzee mwenye mguu mbovu na sauti ya kupatanisha. Walikaa sebuleni, na mlango wa mbele ukaachwa wazi ili kitasa nacho kisikie. Mkubwa alisema kwa kirefu. Alisema damu ni nzito kuliko maji, kwamba Mama Mdogo hana mtoto wa tumbo lake ndani ya nyumba hii, na kwamba yeye Mkubwa atampangishia chumba, hatalala nje. Alisema haya yote kwa upole sana.

"Mimi sikujileta hapa," Mama Mdogo alisema ilipofika zamu yake. "Niliitwa na mwenye mlango. Yupo pale. Mwulizeni."

Ombi lilionekana la haki. Mjomba aliinuka kwa fimbo, akachechemea mpaka mlangoni.

"Shemeji, habari za siku nyingi."

"Nzuri, shemeji. Mguu je?"

"Haunionei huruma." Mjomba alikohoa kidogo. "Shemeji, tunakusumbua kwa jambo la nyumba."

"Si usumbufu," kitasa kilisema. "Huyu ni mke wangu. Nyumba ni yake mpaka atakaponifuata. Nililisema hili hospitalini, na wanangu wote wawili walikuwa pale. Mkubwa alisimama dirishani. Mdogo alinishikia kikombe."

Watu walimgeukia Mkubwa.

"Alikuwa na homa," Mkubwa alisema. "Alisema mengi."

Kisha wakamgeukia fundi. Mjomba alirudi kitini, akaukunja mguu wake kwa mikono miwili, akamtazama bila ukali wowote.

"Na wewe, mwanangu? Ulikuwepo?"

Alikuwepo. Alikishika kikombe, na mzee alizungumza polepole akiwa na akili zake timamu, akamtaja Mama Mdogo kwa jina lake la usichana, jina ambalo fundi hakuwahi kulisikia. Mama Mdogo alikuwa anamtazama sasa, hasa lile jicho alilolitoa chembe, kama anayelikagua tena. Neno moja lilitosha. Lingemgharimu kibanda, jiliwa, na vyumba viwili, na fundi alijua pia kwamba watu huishi baada ya kupoteza vitu kama hivyo. Aliangalia mlangoni. Skrubu ya chini ya kitasa ilikuwa imelegea kidogo, ilihitaji kukazwa.

"Mimi ni fundi tu, Mjomba," alisema. "Kitasa nimetengeneza mimi. Maneno sikuyaweka mimi."

Mke wake aliinuka, akatoka nje.

"Basi shahidi ni mmoja," Mjomba alisema, "na shahidi mwenyewe ni kitasa. Jamani, hapa hakuna anayembishia marehemu. Tumesikia, na mimi binafsi nimemwamini. Lakini tukisema kauli ya kitasa ivunje kikao cha watu, kesho kila familia italeta vitasa vyake, na mji hautakalika. Funika kombe mwanaharamu apite. Nyumba ikae kwa watoto. Mama yetu huyu atunzwe."

Waliokuwepo waliitikia kwa vichwa. Chai ililetwa, na ilikuwa Mama Mdogo aliyeipika, kwa kuwa jiko bado lilikuwa lake mpaka Jumamosi.

Jumamosi Mkubwa alisimama barazani. "King'oe," alimwambia fundi. Kisha akamgeukia Mama Mdogo: "Mume wako huyu. Nenda naye. Hata sisi hatutaki kuwatenganisha."

Fundi alianza na skrubu ya chini. Bisibisi iliteleza.

"Bisibisi yako butu," kitasa kilisema. "Inoe."

"Nitainoa, baba."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao yote. Alikitoa, akakifuta vumbi la mbao, akamkabidhi Mama Mdogo kwa mikono miwili. Mama Mdogo alikizungushia kitambaa kama anavyofungwa mtoto wa siku chache, akakipakata kwenye gari la mizigo, akakaa nacho mbele. Chumba alichopangishiwa kilikuwa na mlango wa mbao za maboksi, mwepesi kuliko kitasa chenyewe. Kilifungwa hapo hivyo hivyo. Jioni kilimwambia amechelewa hata alipokuwa hajatoka, na wapangaji wenzake walikisalimia wakienda chooni.

Nyumba kubwa ilihitaji kitasa kingine. Mkubwa alileta viatu vyake mwenyewe kwenye mfuko, vya kung'aa, ncha kali.

"Safari hii tumia vyangu," alisema. "Nijue nani yuko mlangoni."

Fundi alivitupia motoni. Viliyeyuka, vikatoa moshi mweusi wenye harufu ya ndoo iliyoungua, vikaacha tone gumu kwenye majivu. Vilikuwa plastiki tupu, juu na chini. Gari la kuhamisha mizigo ya Mkubwa lilikuwa limeshakodiwa kwa kesho yake. Fundi alisimama mbele ya tanuri kwa muda, kisha akakaa juu ya gunia, akafungua kamba za buti zake. Zilikuwa ngozi halisi, zimetobolewatobolewa na cheche, zimechukua umbo la miguu yake mpaka vidole. Akaziweka motoni. Alimwomba mkewe amtwangie.

"Mkono unaniuma," mkewe alisema kutoka chumbani.

Alitwanga mwenyewe, peku, kwenye kinu cha Mama Mdogo kilichoachwa uani kwa sababu ya uzito. Hakusugua unga kwenye vidole kuona kama umelainika. Ulimi ulipotoka motoni ukaingia majini, maji yaliguna kama yanavyoguna siku zote, basi. Hapakuwa na kikohozi. Aliupitisha tupa, tupa ikateleza, na sugu ilikuwa nene kuliko zote alizowahi kupata.

Mkubwa alihamia na watu wake. Kitasa kilimfungulia kila aliyekuwa na ufunguo na kikamfungia kila asiyekuwa nao. Hakikutaka salamu, wala hakikuuliza hali ya mtu. Watoto wa Mkubwa walikipiga mateke wakiingia, kikanyamaza. Mkubwa aliwaambia wageni kwamba mdogo wake ni fundi haswa, na hapo hakusema uongo.

Asubuhi moja Mama Mdogo alikuja kufuata kinu chake. Nyumba kubwa haikuwa na mtu, wote walikuwa wametoka. Angeweza kupitia uchochoroni. Alikwenda mlango wa mbele, kwa kuwa maisha yake yote ya ndoa ndiko alikoingilia, akaweka kiganja kwenye ubao na kungoja.

"Nisamehe, Mama," kitasa kilisema. "Mimi ni kitasa tu."

Fundi alikuwa karakanani. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikija koridoni, ikapita jikoni mpaka kwenye mabati, nzuri, ya heshima, isiyo na makali upande wowote. Tupa ikasimama mkononi.

"Baba yako anakuulizia," Mama Mdogo aliuambia mlango. Hakuwa na hasira. Alizungumza kama anayefikisha ujumbe aliotumwa. "Kila jioni ananiuliza kama umepita. Nimwambie nini?"

"Mwambie kazi ni nyingi," kilisema.

"Haya."

Alizunguka uchochoroni, akaingia kwa mlango mdogo wa karakana. Fundi alikuwa amesimama kando ya jiliwa, miguu mitupu, maana buti nyingine hakuwa amenunua. Alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba. Mama Mdogo hakumuuliza kitu, jibu alikuwa ameshapewa. Fundi alikiinua kinu kutoka uani, akamtwika, akamshikilia kiwiko mpaka shingo yake ikapata mizani, kisha akamfungulia mlango wa uchochoro na kumtazama akienda polepole, mkono mmoja juu, akikwepa madimbwi.

Akarudi kwenye jiliwa, akaubana ulimi mwingine. Kazi kweli zilikuwa nyingi. Habari za kitasa kisichodai salamu zilikuwa zimeenea, na watu wengi walikuwa na mtu wa kumfungia nje.